Nguruwe wa Akiba, wa Kunenepesha au wa Kuzalisha: Yupi Anaifaa Kaya Yako?

Ukikaa na wakulima wa Muheza, Korogwe au Mkinga, wale wenye ekari mbili tatu za muhogo na mahindi, habari ya kufuga nguruwe kitaalamu haikosi kutajwa. Jike mzuri huzaa watoto 8 hadi 12 kwa mara moja, huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na mtoto wake akilishwa sawasawa hufikisha kilo 80 akiwa na miezi 7. Yote hayo ni kweli. Ng'ombe na mbuzi hawamkaribii kwa kasi hiyo, tena katika eneo dogo la nyuma ya nyumba.

Ila ufugaji unapokuwa wa kitaalamu, haubadiliki mwili wa nguruwe peke yake. Unabadilika pia mwendo wa fedha ndani ya nyumba. Nguruwe wa zamani alikuwa akiba: anakula maganda na majani, ukibanwa na ada ya shule unamuuza. Nguruwe wa kisasa anadai fedha kila wiki kabla hajakupa hata shilingi. Kaya inayolijua hilo mapema inaweza kuinuka kabisa. Kaya isiyolijua huishia kuuza wanyama waliokonda kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana nasema, kabla ya kuuliza mbegu ipi ni bora, uliza nani atalipa chakula cha mwezi wa nne tangu uanze kufuga.

Makala haya yanalinganisha njia tatu ambazo mkulima mdogo wa Tanga anaweza kuzifuata. Ya kwanza ni nguruwe wa akiba: mmoja au wawili, wa kienyeji au chotara, katika banda la miti, wakilishwa kinachopatikana nyumbani na shambani. Ya pili ni kunenepesha: unanunua watoto walioachishwa kunyonya, unawalisha chakula cha kuchanganya, unawauzia wenye mabucha ya kitimoto, yaani nyama ya nguruwe. Ya tatu ni kuzalisha: unafuga majike wa mbegu bora na kuuza watoto kwa wale wa njia ya pili.

Kuachia nguruwe wazurure sikuihesabu kuwa njia. Nitaeleza sababu mbele.

Vigezo nilivyotumia

Nimezipima njia zote kwa mambo yaleyale: fedha ya kuanzia na muda wa kusubiri, chakula, maji na kazi ya kila siku, maradhi, soko, na mwisho majirani pamoja na afya ya nyumbani. Uzito wa kila kigezo hutofautiana kaya na kaya. Aliye kando ya mto Pangani hatahangaika na maji kama aliye kwenye kilima kikavu cha Handeni.

Fedha na muda wa kusubiri

Nguruwe wa akiba ndiye wa gharama ndogo kuliko wote. Banda ni miti, fito na makuti. Mtoto wa kienyeji huuzwa rahisi, na chakula hakinunuliwi isipokuwa pumba kidogo. Lakini hana haraka. Atachukua mwaka mzima au zaidi kufika kilo 40 hadi 60. Anayemfuga asimwite biashara. Ni kibubu chenye miguu, na kwa kazi hiyo ya kibubu anafaa sana.

Kunenepesha kunarudisha fedha mapema kuliko njia nyingine za kitaalamu. Ukinunua mtoto wa miezi 2 mwenye kilo 10 hadi 12, miezi 5 baadaye unaweza kuwa na nguruwe wa kilo 80 na ushee. Fedha inaingia kwa mkupuo, inatoka kwa mkupuo, na kati ya kundi moja na jingine unaweza kusimama upumue. Kaya ikipata msiba au mvua ikikosa, huna wajibu wa kuendelea. Uhuru huo wa kupumzika hauonekani kwenye mahesabu mengi ya mitandaoni, nami nauona ni faida kubwa.

Kuzalisha kunadai subira. Jike mchanga hapandishwi kabla ya miezi 7 au 8, na vizuri awe amefikisha kilo 100 au zaidi. Mimba ni siku 114, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Watoto watanyonya wiki 6 hadi 8. Ukinunua jike wa miezi 2 leo, shilingi yako ya kwanza itarudi baada ya takriban mwaka mmoja, na muda wote huo anakula. Baada ya hapo hali hubadilika: akirudi kwenye joto, yaani hamu ya kupandwa, siku chache baada ya kuachisha, utapata mizao miwili kwa mwaka, na ukifanikiwa kukuza watoto 8 kila uzao, ni watoto 16 wa kuuza. Mapato yanakuja mara mbili kwa mwaka, nayo yanazoeleka kama mavuno ya vuli na masika.

Chakula

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Katika ufugaji wa kitaalamu chakula hula zaidi ya nusu ya gharama zote, mara nyingi asilimia 60 hadi 80. Nguruwe anayenenepeshwa katika mazingira ya mkulima mdogo huhitaji kilo 3.5 hadi 4 za chakula ili aongeze kilo moja ya mwili. Kutoka kilo 10 hadi kilo 85, atakula kati ya kilo 250 na 300. Wanaonenepesha watano wanahitaji tani moja na nusu. Kubwa zaidi ni kwamba chakula hicho hakiliwi sawasawa mwezi kwa mwezi. Mwezi wa kwanza mtoto anakula chini ya kilo moja kwa siku, na mfugaji anajiona ameweza. Miezi miwili ya mwisho peke yake humaliza karibu nusu ya chakula chote. Fedha ya mtaji inakuwa imeisha, pumba zimepanda bei, na nguruwe anakula zaidi ya kilo mbili na nusu kwa siku. Ukimpunguzia hapo, hakui. Anakula cha kumweka hai tu, na kila siku inayopita inakula faida yako.

Hesabu ya kufanya kabla ya kununua hata mtoto mmoja ni hii. Chukua bei ya kilo moja ya chakula chako baada ya kuchanganya na kusafirisha, izidishe kwa 4, kisha ilinganishe na bei ambayo mnunuzi wa eneo lako hulipa kwa kilo ya nguruwe aliye hai. Kwa mfano tu, chakula kikikugharimu shilingi 900 kwa kilo, kila kilo ya uzito imekugharimu shilingi 3,600. Kama mnunuzi analipa chini ya hapo, njia ya kunenepesha haikufai mwaka huu hata mbegu ingekuwa bora namna gani.

Mchanganyiko wa kilo 100 unaotengenezeka Tanga unaweza kuwa hivi: pumba za mahindi kilo 66, mashudu ya alizeti kilo 22, dagaa waliosagwa kilo 8, unga wa mifupa au chokaa ya mifugo kilo 3, chumvi nusu kilo na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) nusu kilo. Unatoa protini ya kama asilimia 16 hadi 17, inayomfaa nguruwe anayekua. Alizeti inatoka mbali, Singida na Dodoma, na nauli inauma. Dagaa tunao wenyewe, Sahare na Kipumbwi, ila waonje kwanza: wakiwa wa chumvi, acha kuongeza chumvi nyingine. Wiki za mwisho kabla ya kuuza waondoe kabisa, maana nyama itanuka samaki na mwenye bucha hatarudi kwako. Mashudu ya nazi nayo hutumika pwani, kwa kiasi, yakiwa mabichi ya kukamuliwa karibuni, yasiyochacha.

Nguruwe wa akiba yeye ana nafuu halali kabisa hapa. Makopa, matembele, majani ya muhogo yaliyonyaushwa, maganda ya ndizi, maembe yaliyodondoka, maboga: vyote hivyo kwake ni chakula. Muhogo mchungu asipewe mbichi. Ukatwe vipande na kuanikwa vizuri au uchemshwe, sumu itoke. Mabaki ya mgahawani yachemshwe dakika 30, na sababu yake iko kwenye sehemu ya maradhi. Anayenenepesha anaweza kutumia makopa mahali pa sehemu ya pumba ili kushusha gharama, ila muhogo hauna protini ya maana, kwa hiyo dagaa au mashudu yaongezwe.

Jike wa kuzalisha anakula vipindi viwili tofauti. Akiwa na mimba, kilo 2 hadi 2.5 kwa siku zinamtosha, na majani ya kumshibisha. Akinyonyesha anahitaji kilo 5 au zaidi. Kwa mwaka ni zaidi ya tani moja kwa jike mmoja. Faida yake kwa mkulima ni kwamba kipindi cha mimba kinavumilia chakula cha shambani, kwa hiyo mwenye matembele na makopa mengi anaweza kupumzisha mfuko kwa miezi mitatu na nusu. Anayenenepesha hapati kipindi kama hicho.

Kwa wote watatu, masika ni ya kuchunga. Pumba zikilowa kati ya Machi na Mei huota ukungu, na sumukuvu haionekani kwa macho. Ziwekwe juu ya vichanja, mbali na ukuta.

Maji, joto na kazi ya kila siku

Nguruwe hana jasho la kumpoza. Joto la Tanga mjini na mwambao wote kati ya Desemba na Machi hupita nyuzi 30, na nguruwe aliyeshikwa na joto hupunguza kula. Ndiyo maana anayenenepesha Lushoto, kwenye baridi ya mlimani, anaweza kumwona nguruwe wake akila vizuri mchana wakati wa Pongwe amelala chali akihema. Wa Lushoto naye hulipa nauli ya chakula kupanda mlima. Pwani, ezeka makuti badala ya bati, au weka makuti juu ya bati. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi ili jua lisiingie ubavuni, na chakula kitolewe alfajiri na jioni.

Maji ni kazi, na kazi hiyo katika kaya nyingi ni ya mama na watoto. Jike anayenyonyesha hunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, yaani dumu moja hadi mawili kichwani kwa mnyama mmoja. Watano wa kunenepesha watakunywa madumu mawili, na usafi wa sakafu utahitaji mengine. Nguruwe wa akiba mmoja anatosheka na nusu dumu. Mwanamume anayepanga mradi wa nguruwe akae kwanza na mkewe waulizane nani atateka maji saa kumi na mbili asubuhi, maana faida ikigawanywa bila kuhesabu madumu hayo si haki, na mradi wa namna hiyo haudumu.

Kwa ustadi, kunenepesha ni kazi rahisi kuliko kuzalisha. Lisha, nywesha, safisha, toa dawa ya minyoo. Eneo la mita moja ya mraba kwa kila nguruwe anayekaribia kuuzwa linatosha. Kuzalisha kunataka mtu anayemjua mnyama. Joto la jike hurudi kila baada ya siku 21 na hudumu siku mbili tatu tu. Ukilikosa, umelisha wiki tatu za bure. Siku ya kuzaa lazima mtu awepo, mara nyingi ni usiku. Ndani ya banda la uzazi weka fito nene kuzunguka ukuta, sentimita 20 hadi 25 kutoka chini na kutoka ukutani, ili jike akijilaza watoto wapate pa kujibanza wasilaliwe. Siku ya tatu watoto wachomwe sindano ya madini ya chuma, kwa sababu maziwa ya mama hayana chuma ya kutosha nao hawachimbi udongo kwenye sakafu ya saruji. Hayo si magumu, lakini hayasubiri kesho. Wanaotaka kujifunza kwa mikono wana bahati: Tanga ina chuo cha mifugo cha LITA Buhuri, na kuna kituo cha utafiti wa mifugo cha TALIRI. Afisa mifugo wa kata naye aulizwe kabla ya banda kujengwa, asiitwe kifo kikishaingia.

Maradhi

Homa ya nguruwe ya Afrika ndiyo inayofuta mradi mzima. Ilielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1921, kutoka hapo jirani Kenya, na hadi leo haina tiba, wala mfugaji wetu hana chanjo ya kuitegemea. Nguruwe anaacha kula, homa inapanda, masikio na tumbo vinakuwa vyekundu au zambarau, na ndani ya siku chache banda linaweza kubaki tupu. Haimpati binadamu. Ngiri huibeba bila kuugua, pamoja na kupe laini wa kwenye mashimo yao. Kwa hiyo wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Saadani upande wa Pangani, au Mkomazi upande wa Lushoto, waweke uzio imara. Lakini mara nyingi inaletwa na sisi wenyewe: mtoto wa nguruwe aliyenunuliwa mnadani, mabaki mabichi ya nyama, viatu vya mchinjaji aliyetoka banda jingine, dume la kuazima.

Sasa pima njia tatu kwa kigezo hiki. Mwenye nguruwe wa akiba anapoteza akiba yake, ni maumivu, lakini hana deni. Anayenenepesha anapoteza kundi moja na chakula kilicholiwa. Kama alikopa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, atalipa kwa mahindi. Kwa upande mwingine, yeye ndiye anayeingiza wanyama wageni kila mara, kwa hiyo mlango wake uko wazi zaidi kwa ugonjwa. Anayezalisha anaweza kufunga mlango wake kwa miaka, na hilo ni jambo jema sana, lakini homa ikipenya anapoteza shina lote na mwaka mwingine wa kusubiri. Tundu lake ni dume. Mwenye majike wawili watatu hawezi kubeba gharama ya dume, anayetosha majike 10 hadi 15, basi anaazima. Heri majirani wanne mnaoaminiana mchangie dume mmoja asiyetoka nje ya kundi lenu, kuliko dume anayezunguka tarafa nzima.

Kinga yenyewe haihitaji fedha nyingi. Ni uzio, viatu vya banda visivyotoka bandani, beseni la dawa mlangoni, na ujasiri wa kumwambia dalali asimame nje. Mnyama mgeni akae peke yake wiki tatu kabla ya kuchanganywa. Na wakianza kufa, kuwauza haraka ili "kuokoa kidogo" ni kupeleka msiba kwa mwenzako. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inadai taarifa itolewe, na uzembe wa mtu mmoja umekwisha kugharimu vijiji vizima.

Soko

Dalali wa nguruwe hununua kwa macho. Anazunguka banda, anatikisa kichwa, anasema, "Mama, huyu sabini hafiki." Ukiwa na futi ya fundi cherehani unaweza kumjibu. Pima mzunguko wa kifua, nyuma ya miguu ya mbele, kwa mita. Zidisha kwa namba hiyohiyo. Zidisha kwa urefu wa mgongo kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia. Kisha zidisha kwa 69.3. Kifua mita 1.05 na urefu mita 1.10 vinakupa kilo 84. Si mizani, lakini inakaribia vya kutosha kukuokolea kilo kumi na nne zilizokuwa zinaondoka bure. Mama mmoja wa Muheza huwapima mbele ya mnunuzi, anaandika ubaoni kwa chaki, halafu ndipo anamkaribisha wazungumze bei. Sijaona njia bora zaidi ya kujadiliana.

Kwa anayenenepesha, kalenda ni nusu ya faida. Krismasi, Mwaka Mpya na Pasaka wanunuzi huja wenyewe. Kwaresima soko hupoa, na katika mkoa kama wetu mwezi wa Ramadhani sehemu za kuuza nyama choma ya nguruwe hutulia sana. Kundi lililonunuliwa katikati ya Julai likiwa na miezi 2 litakuwa tayari Desemba. Anayezalisha naye ahesabu kinyumenyume: jike aliyepandishwa Januari 21 atazaa karibu na Mei 15, na watoto watakuwa na wiki 8 Julai 10, siku ambazo wanenepeshaji wanatafuta watoto. Anayejua hesabu hiyo haombi wateja.

Mnunuzi wa watoto anataka uaminifu kuliko bei: jike ana kumbukumbu, watoto wamechomwa chuma, madume wamehasiwa mapema, baba si ndugu wa mama. Sifa njema ya mzalishaji husafiri kutoka Maramba hadi Segera bila tangazo. Nguruwe wa akiba hauzwi kwa kalenda. Anauzwa siku ya shida, na siku ya shida bei huwa ya mnunuzi. Atakayeweza amuuze Desemba na kuweka fedha, badala ya kumsubirisha hadi ada ya Januari imgongee mlango.

Kwa njia zote, kuchinja ni mahali palipoidhinishwa kwa nguruwe, nyama ikaguliwe na kugongwa muhuri. Kusafirisha kwenda Dar es Salaam kunahitaji kibali.

Majirani na afya

Tanga ni mkoa wenye Waislamu wengi, na mtu anayetaka kufuga nguruwe anapaswa kuanza na heshima. Ongea na mwenyekiti wa mtaa au kijiji na majirani wa karibu kabla ya kuchimba msingi. Banda liwe mbali na kisima, mbali na njia ya msikitini, upande ambao upepo hauleti harufu kwa jirani, na maji machafu yaishie kwenye shimo lako. Nguruwe mmoja aliyetoroka akaingia ua wa mtu anaweza kuvunja ujirani wa miaka. Hapa nguruwe wa akiba ana nafuu ya uchache, na ana hatari ya banda legelege. Kunenepesha kunaleta harufu zaidi miezi ya mwisho. Kuzalisha kunaleta wanyama wakubwa wa kudumu, kwa hiyo kunafaa mashambani kuliko mjini.

Sasa nirudi kwenye kuzurura. Nguruwe anayezurura hula kinyesi cha binadamu palipo na vyoo vibovu au vichaka. Humo ndimo anapopata mayai ya tegu la nguruwe, na nyama yake hujaa malengelenge meupe kama punje za mchele. Mtu akila nyama hiyo isiyoiva hupata tegu tumboni. Na mayai ya tegu, yakimfikia mtu kwa mikono michafu au mboga, huanguliwa, na funza wake huweza kukaa ubongoni na kusababisha kifafa. Mbulu na nyanda za juu kusini wameumia sana na jambo hili. Nguruwe kukaa bandani, choo cha nyumbani kufungika, na nyama kuiva vimetosha kuukata mzunguko huo. Anayeona banda ni gharama ajue kwamba halihitaji saruji. Fito zilizobana zinatosha.

Jambo moja zuri ambalo njia zote tatu zinaleta: mbolea. Samadi ya nguruwe ikirundikwa na majani miezi miwili mitatu hadi ioze huinua migomba na michungwa ya Muheza kwa namna inayoonekana. Isimwagwe mbichi kwenye mchicha. Kwa shamba lililochoka, mbolea hiyo inaweza kuwa na thamani kuliko alama zozote za faida kwenye daftari.

Kulingana na hali yako

Kama mapato yako ni ya msimu, huna akiba ya fedha, na shamba linatoa muhogo, matembele na matunda, anza na nguruwe wa akiba wawili, chotara ukiwapata. Wape dawa ya minyoo kila miezi mitatu na banda lililobana. Utajifunza tabia yao kwa gharama ndogo, na hakuna aibu kubaki hapo miaka.

Kama una kipato kidogo cha uhakika, duka, bodaboda, mshahara wa ualimu, na kuna bucha la kitimoto linalokubali kukwambia bei mapema, kunenepesha kunakufaa. Anza na watatu, si kumi. Nunua au tenga fedha ya chakula chote cha miezi 5 kabla ya kununua watoto. Usipoweza kwa watatu, nunua wawili. Mkopo wa kikundi uchukuliwe tu kama marejesho yanaanza baada ya kuuza, maana marejesho ya kila wiki hayaendani na mnyama anayelipa mara moja.

Kama mtu mzima mmoja wa nyumbani anashinda hapo kila siku, maji yako karibu, na mnaweza kuvumilia mwaka bila kipato cha mradi, kuzalisha kutawalipa kwa muda mrefu kuliko njia nyingine. Majike wawili wanatosha kuanzia. Wapandisheni kwa kupishana ili watoto wasije wote siku moja.

Kama unaishi mjini na shamba linaangaliwa na kijana wa kulipwa, usizalishe. Nenepesha, na ufike kila wiki na futi yako mkononi. Kijana huyo mpe sehemu ya faida kwa kila nguruwe aliyefika uzito, kwa sababu yeye ndiye anayeamka alfajiri.

Kama mko vijana au akina mama kumi kwenye kikundi, njia mnayoweza kuigawana ni hii: wawili wenye maji na nafasi wazalishe, wengine wanenepeshe watoto hao hao, chakula mkinunue pamoja kwa gunia. Mfumo wa kopa mtoto lipa mtoto, kama ule wa ng'ombe wa maziwa uliozoeleka mkoani kwetu, unafanya kazi hapa vizuri, ila andikeni mapema nani atabeba hasara mnyama akifa.

Na kama umesikia nguruwe wanakufa kijiji cha jirani, usinunue mnyama wala kuazima dume, hata ungekuwa umejiandaa namna gani. Jenga uzio, anika makopa, weka fedha, mwulize afisa mifugo lini pametulia.